Kamshafti imechongwa upya, sasa injini inatetemeka na kugonga: ndivyo kamshafti ya nguvu ilivyo?

SWALI: Shikamoo mhandisi. Nina Carina Ti yenye injini ya 5A, naendesha mchomoko kati ya Dodoma na Babati. Ilikuwa inalegea sana kwenye mlima ule wa baada ya Kolo nikiwa na abiria wanne na mizigo. Fundi akaniambia kamshafti, ile mihimili yenye nundu inayofungua valvu (milango ya hewa na moshi ya silinda), zinaweza kuchongwa upya ili valvu zifunguke zaidi na zikae wazi muda mrefu, gari ipate nguvu. Tumefanya. Sasa kwenye tambarare nikikanyaga hadi raundi 5,000 inakimbia kweli, lakini mlimani imekuwa mbaya kuliko mwanzo. Nikisimama inatetemeka mpaka kioo cha pembeni kinacheza, inanuka petroli, na juu ya injini kuna mlio wa tak-tak-tak hata ikishapata moto. Fundi anasema kamshafti za nguvu ndivyo zilivyo. Ni kweli? Msomaji, Nkuhungu, Dodoma.

JIBU: Marahaba, ndugu yangu. Fundi wako amesema kweli nusu. Kamshafti ya nguvu hutetemesha injini gari likiwa limesimama, hilo nakubali. Hupunguza mvuto wa raundi za chini. Hilo nalo ni kweli, na alipaswa kukwambia kabla hujatoa pesa, maana mvuto wa chini ndio uliokuwa unautafuta. Lakini kamshafti ya nguvu si lazima igonge. Mlio huo unatokana na jinsi kazi ilivyofanywa, na usikubali mtu akuunganishie mambo hayo yawe kitu kimoja.

Nieleze kwa nini nayatenga. Nundu ya kamshafti, lile yai linalosukuma tapeti (kikombe kilicho juu ya valvu), ina sehemu zake na kila sehemu ina kazi yake. Muda valvu inaokaa wazi, na saa inapofunga, ndivyo vinavyoamua injini itavuta kwenye raundi zipi. Kile kipindi kifupi ambacho valvu ya kuingiza na ya kutoa zote ziko wazi ndicho kinachoamua kama injini itatulia ikiwa haifanyi kazi. Na mlio unaamuliwa na mguu wa nundu, pale inapoanzia na pale inapoishia, sehemu ambayo kwa macho hata huioni. Fundi aliyegusa juu akaharibu mguu amekupa kelele bila kukuongezea hata nusu farasi ya nguvu.

Tuanze na mlima, kwa sababu ndio uliokutoa pesa.

Pistoni inashuka, inavuta hewa na petroli. Ikifika chini kabisa na kuanza kupanda, mtu angedhani valvu ya kuingiza ingefungwa hapo hapo. Haifungwi. Inaachwa wazi kidogo, kwa sababu hewa iliyoko njiani ina kasi na uzito, inaendelea kujisukuma kuingia hata pistoni ikiwa imeshageuka. Fikiria konda wa daladala pale Sabasaba saa kumi na mbili jioni. Watu wakiwa wanakimbilia mlango, akiuacha wazi sekunde mbili zaidi anapata abiria watatu wa nyongeza. Mchana watu wakiwa wachache na hawana haraka, akiuacha wazi muda ule ule, waliokwisha kukaa wanachoka kusubiri na kushuka. Mlango ni ule ule na muda ni ule ule, ila mbio za watu zimebadilika.

Kwa hesabu: tuseme kamshafti yako ya kiwandani ilikuwa inafunga valvu ya kuingiza nyuzi 40 baada ya pistoni kupita chini kabisa. Hapo pistoni imeshapanda chini ya sehemu moja ya kumi ya safari yake. Fundi akichonga ikawa inafunga nyuzi 65, pistoni imeshapanda zaidi ya moja ya tano. Kwenye raundi 5,000 hakuna shida, hewa ina mbio na inajaza. Kwenye raundi 2,500, gia ya tatu, unapanda kuelekea Bereko na abiria wanne, hewa haina mbio hizo. Pistoni inairudisha ilikotoka, na kompresheni uliyoilipia Japani inatokea mlango wa nyuma. Ndiyo maana tambarare linakimbia na mlimani linakufa. Hakuna kilichoharibika hapo. Kamshafti inafanya kile ilichochongwa kufanya, ila imechongwa kwa ajili ya barabara ambayo wewe huipiti.

Na ongeza hili ambalo mafundi wengi wa hapa hawalitaji. Dodoma tuko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na hewa yetu ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam kwa karibu asilimia 10. Injini isiyo na tabo, ile pampu ya kuisukumia hewa, inapoteza nguvu kwa kiasi kama hicho hicho, na ukipanda vilima vya Irangi inapoteza zaidi. Farasi 100 za kwenye karatasi, hapa mjini ni 90 hivi hata injini ikiwa mpya. Kwa hiyo gari lako kulegea mlimani kulikuwa na sababu, na sababu yenyewe haikuwa kamshafti. Kama kuna kamshafti ya kumfaa mtu wa mwinuko huu anayebeba mizigo, ni ile inayofunga valvu mapema kidogo, yaani kinyume kabisa na alichofanya fundi wako.

Mtetemeko na harufu ya petroli nitavipitia haraka. Mwishoni mwa kutoa moshi, valvu ya kutoa haijafunga na ya kuingiza imeshaanza kufunguka. Kwenye raundi nyingi kipindi hicho kinasaidia: moshi unaotoka kwa kasi unavuta hewa mpya nyuma yake. Injini ikiwa imetulia kwenye raundi 800, kwenye manifodi, yale mabomba ya kuingizia hewa, kuna vakyumu (mnyonyo) kali na moshi hauna kasi, basi moshi unarudi nyuma, unaingia kwenye njia ya hewa na kuchafua mchanganyiko. Silinda moja inawaka vizuri, inayofuata inamisi, na kioo chako kinacheza. Vakyumu nayo inashuka. Injini ya aina yako inapima hewa kwa kuangalia vakyumu ya manifodi. Kompyuta ikiona imeshuka inadhani umekanyaga mafuta, inaongeza petroli. Hiyo ndiyo harufu. Utaweza kubadilisha plagi na kusafisha nozeli mpaka uchoke, haitaondoka, kwa sababu kompyuta inadanganywa na kamshafti.

Sasa mlio. Hapa naomba univumilie, maana hapa ndipo ilipo kazi ya mchongaji.

Kati ya kamshafti na tapeti huachwa nafasi ndogo, kwa sababu valvu ikipata moto inarefuka. Kwenye familia ya injini yako nafasi hiyo ni karibu milimita 0.20 upande wa kuingiza na 0.30 upande wa kutoa, injini ikiwa baridi; kitabu cha injini yako ndicho cha mwisho. Maana yake nundu inapokuja haiikuti tapeti imeshikana nayo. Kuna pengo la kuziba kwanza. Na valvu inaporudi kukaa kwenye kiti chake, inakaa kabla nundu haijaisha. Mlio wote unazaliwa kwenye migongano hiyo miwili: nundu kuikuta tapeti, na valvu kukikuta kiti.

Umepita barabara ya Morogoro mara nyingi, matuta unayajua. Kuna tuta lililojengwa na mkandarasi, linaanza kwa mwinuko mdogo ambao tairi haliusikii, halafu ndipo linapanda. Na kuna tuta la wanakijiji, la udongo na mawe, lililojengwa usiku baada ya mtoto kugongwa. Yote mawili yanaweza kuwa na kimo kile kile. La kwanza unalipita na chai mkononi, la pili linakuvunja shoki. Tofauti yao haiko juu, iko kwenye sentimita chache za mwanzo na za mwisho.

Nundu nzuri ya kamshafti ina mguu kama wa tuta la mkandarasi: inapanda labda milimita 0.3 tu katika nyuzi 30 za mzunguko wa kamshafti, yaani milimita 0.01 kwa kila uzi mmoja, kwa mwendo usiobadilika. Pengo linazibwa ndani ya mwinuko huo. Kwenye raundi 3,000 za injini, kamshafti inazunguka 1,500, sawa na nyuzi 9,000 kwa sekunde, basi nundu inaikuta tapeti kwa mwendo wa sentimita 9 kwa sekunde. Huo ni mwendo wa kuweka kikombe mezani. Mguu ukikatwa, tapeti inakutana na ubavu wenyewe wa nundu, tuseme pale inapopanda milimita 0.05 kwa uzi. Mwendo unakuwa sentimita 45 kwa sekunde. Umeongezeka mara tano, na nishati ya kishindo hukua kwa mraba wa mwendo, kwa hiyo nishati ya pigo ni mara ishirini na tano. Na hapo valvu haijafunguka zaidi hata chembe, wala hewa ya ziada haijaingia.

Nalijua hili kwa aibu yangu mwenyewe. Miaka yangu ya kwanza ya kazi, karakana ikiwa Kizota, nililetewa kamshafti ya mashine ya kusaga kutoka Kongwa, dizeli ya silinda moja inayosukuma valvu kwa fito, nundu imelika. Niliijaza kwa kuchomelea, nikaichonga kwa kufuata sampuli niliyokata kwa bati. Kimo kilitoka sawasawa, nilikipima kwa maikromita mara tatu na nikajisifu. Mguu sikuupima, sikujua hata kwamba ni wa kupimwa. Mzee mwenye mashine aliirudisha baada ya wiki mbili, akaniuliza kwa upole kama nimemtengenezea mashine au kinu, maana mtaa mzima walidhani wanatwanga usiku. Kiti cha valvu kilikuwa kimeanza kumeguka. Nililipa mimi.

Kwa hiyo fundi aliyekuchongea nakisia alifanya hivi: alipunguza duara la chini la kamshafti, upande usio na nundu, ili nundu ionekane ndefu zaidi, akarefusha mabavu, na mguu ukaenda na grenda. Muulize alitumia mashine gani. Kamshafti huchongwa kwenye mashine inayofuata kamshafti mama, au siku hizi mashine ya kompyuta. Kama alitumia jicho na jiwe la mkononi, jibu umeshapata.

Kupunguza duara la chini kuna balaa la pili. Ukiondoa nusu milimita hapo, pengo la tapeti nalo linaongezeka nusu milimita. Injini yako inarekebishwa kwa shimu, vile visahani vinavyokaa juu ya tapeti, na vya kawaida vinaishia milimita 3.30. Kama zako zilikuwa 2.80, zimeshafika mwisho. Kama zilikuwa nene zaidi ya hapo, au fundi hakuzibadilisha kabisa, basi una pengo ambalo hata mguu mzima usingeweza kuliziba. Hilo ndilo la kwanza kupima kesho asubuhi, injini ikiwa imelala usiku kucha.

Balaa la tatu ni la ubavu kuwa mkali. Tapeti yako ni kikombe chenye uso bapa. Kadiri nundu inavyopanda kwa kasi ndivyo inavyogusa mbali na katikati ya kikombe, na jiometria yake haina huruma: nundu ikipanda milimita 0.22 kwa uzi inagusa milimita 12.6 kutoka katikati, ikipanda 0.25 inagusa 14.3. Kikombe cha upana wa, tuseme, milimita 28 kina milimita 14 tu kutoka katikati hadi ukingoni. Hapo nundu inalima ukingo, na shimu inaweza kung'oka ikaruka humo ndani ya kifuniko. Ukifungua ukakuta alama inayong'aa pembeni kabisa mwa shimu, gari lisiendeshwe tena na kamshafti hizo, hata hadi kwa jirani.

Wachoraji wa kweli wa kamshafti hawaanzi kuchora umbo la yai. Wanachora kwanza jinsi mwendo wa valvu utakavyoongezeka na kupungua, uzi kwa uzi, wakihakikisha hakuna mahali unapobadilika ghafla, maana kila badiliko la ghafla ni nyundo, na nyundo hiyo huifanya springi ya valvu iteteme yenyewe kwa yenyewe. Springi ikitetema, inasahau kazi yake ya kuibana tapeti kwenye nundu; valvu inaelea, halafu inatua popote. Kamshafti za zamani zilizochorwa kwa kuunganisha matao matatu ya duara zilikuwa na ugonjwa huo: umbo laini machoni, lakini pale matao yanapokutana nguvu inaruka. Dawa ya springi ngumu zaidi ipo, ila inaongeza mkwaruzo na kulika kwa nundu. Huo ndio mvutano ulio halali kati ya nguvu na ukimya: ukitaka valvu ifunguke haraka ndani ya muda mfupi, lazima mabavu yawe makali kiasi, na kelele kiasi itakuwepo. Ila ni kelele ya cherehani, si ya kinu.

Utaniuliza, mbona magari mapya yana nguvu na yametulia? Yanabadilisha kamshafti yakiwa yanatembea. Honda mwaka 1989 walitoa VTEC kwenye Integra, nundu mbili za tabia tofauti, injini inahama moja kwenda nyingine raundi zikipanda. VVT-i ya Toyota, ambayo IST za jirani zako zinayo, inaizungusha kamshafti ya kuingiza mbele au nyuma kulingana na raundi na mzigo. Injini yako haina hayo. Ina kamshafti za tabia moja, na Wajapani walizichagulia tabia ya mtu anayekwenda sokoni na mlimani.

Kabla hujamlaumu fundi kwa mlio wote, kuna jambo moja la injini yako. Kamshafti moja inavutwa na taiming belti, ya pili inasukumwa na ya kwanza kwa gia ndogo zilizoko ndani. Gia mojawapo imegawanywa mara mbili, ina springi katikati ya kukaza meno yasichezecheze. Unapoitoa kamshafti hiyo lazima ufunge bolti ndogo ya kushikilia gia hizo mbili, na ukisharudisha uitoe. Asiyejua anaitoa hivi hivi, springi inalegea, na anairudisha ikiwa haina mkazo. Matokeo ni mlio wa kukereza, unaosikika zaidi injini ikiwa imetulia. Mlio wa tapeti ni tak moja moja ya kuhesabika, unaongezeka na raundi, nao ni nusu ya mzunguko wa injini. Wa gia ni wa kuchakarika mfululizo. Weka ncha ya bisibisi ndefu juu ya kifuniko, mpini sikioni, utaujua uko wapi.

Sasa la kufanya. Kamshafti hizo zitoe. Kutafuta kuzirekebisha ni kutupa pesa, kwa sababu chuma kilichoondoka hakirudi, na tabaka gumu la juu huenda limeondoka nacho. Nundu laini italika kabla ya mavuno ya mwakani. Tafuta jozi ya mtumba kutoka injini ile ile ya 5A, zikiwa na gia zake pamoja, usichanganye ya injini hii na ya ile. Kabla ya kulipa, pitisha ukucha juu ya kila nundu. Ukikwama kwenye mkwaruzo, acha. Pima kimo cha nundu zote kwa maikromita, zinazofanana kazi zifanane kimo. Zifungwe na bolti ya gia, mafuta yapakwe kwenye nundu, kofia za beringi zikazwe kidogo kidogo kwa zamu, kwa sababu kamshafti ya namna hii ikikazwa upande inaweza kukatika.

Shimu zipimwe moja moja kwa fila geji. Hapo usimruhusu mtu akubanie nafasi ili injini iwe kimya. Valvu ya kutoa hupoa kwa kukaa kwenye kiti; ikinyimwa nafasi haikai sawasawa, inavuja, inaungua. Mimi nikipewa chaguo huacha upande wa kutoa uelekee 0.35 kuliko 0.25. Na kama umefunga mfumo wa gesi, nafasi hiyo hujifunga yenyewe haraka zaidi, basi ipime mara kwa mara.

Kuhusu mlima wenyewe: pima kompresheni ya silinda zote, badilisha kichujio cha hewa (kwa vumbi la huku kile cha miezi sita usikihesabu), safisha throto, hakikisha belti haijaruka jino, maana jino moja tu linachelewesha valvu zote na kuua mvuto wa chini. Kisha taiming ya plagi: kwa injini yako, ukishaunganisha TE1 na E1, pini mbili za soketi ya kupimia iliyo chini ya boneti, kipimo ni nyuzi 10 kabla pistoni haijafika juu. Kwa kuwa hewa yetu ni nyepesi na haigongi haraka, hapa Dodoma naweza kukusogezea hadi 12. Ukiteremka Dar es Salaam na mzigo, rudisha 10. Halafu ukipita Kolo ingia gia ya tatu mapema, kabla raundi hazijashuka chini ya 2,500, na abiria wa tano mwambie asubiri gari la nyuma.